Waombaji Kazi Walimfuata Dereva

Faksi iliyoingia ofisini kwangu Jumanne ya wiki iliyopita ilikuwa na mistari minne tu, imeandikwa kwa mkono na mfanyakazi mwenzangu wa zamani wa Brussels. Dereva wetu amefariki hospitalini, mapafu. Amezikwa Jumamosi. Kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje kwenye mvua, na mstari wao ukafika barabara ya Chaussée de Wavre. Niliisoma nikiwa bado nimesimama kando ya mashine. Ningependa kuwaambia wasomaji wangu kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni huzuni. Huzuni ilikuja, lakini ilichelewa. Kwanza niliwaza juu ya watu wale waliosimama mvuani, nikajiuliza kama mimi, siku yangu ikifika, nitapata hata nusu yao. Nilimwonea wivu maiti. Naona ni heri niliseme hilo mapema, kwa sababu bila hilo, mengine ninayotaka kusimulia juu yake hayataeleweka.

Mnaofuata safu hii mnajua nilikotoka, na wachache wenu mmechoka kusikia, lakini nitarudia. Nilitoka Kigoma na begi moja. Nilipofika Ubelgiji sikuwa na mjomba wala padri wa kunipokea. Niliosha vyombo katika mkahawa mmoja wa Molenbeek mchana, jioni nikaenda shule, miaka minne, hadi nikapata diploma ya uongozi wa wafanyakazi, ile iliyotundikwa nyuma ya kiti changu na ambayo kila mgeni huisoma kabla hajaketi. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini nikapewa meza katika ofisi ya kuwatafutia watu kazi, hatua chache kutoka Chaussée d'Ixelles. Makampuni yalikuja kwetu yakitaka wafagiaji, wapishi, wapakiaji mizigo na watunzaji wa wazee, nasi tuliwasaili waombaji na kuwapeleka. Nilikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa meza mle ndani. Kwa kuwa nilijua Kifaransa na Kiswahili, mafaili yote ya Wakongo yalikuja kwangu, na wakati ule Wakongo walikuwa wengi, hasa wa Kivu, ambao machafuko yalikuwa yamewatoa makwao.

Marehemu hakuwa na meza. Alikuwa na ufunguo wa gari. Alikuwa mzee wa Lubumbashi, mfupi, mwenye kofia ya sufi aliyoivaa hata kiangazi, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka wafanyakazi wetu kwenye majengo ya kufagia alfajiri na kuwarudisha. Jumamosi alipewa kazi nyingine ambayo hakuna aliyeitaka, nayo ni kufua sare. Alibeba magunia ya maaproni na mashuka ya wateja wetu, akaenda kwenye chumba cha mashine za kufulia pale Matonge, mtaa wa Wakongo, akaketi kwenye benchi la plastiki kungoja mashine zimalize. Kila mtu alimwita tonton, yaani mjomba. Mimi nilimwita mzee, kwa adabu ya kwetu, naye aliniita petit, yaani mdogo wake, mbele ya waombaji kazi wangu, jambo ambalo lilinichoma kila mara.

Lililonichoma zaidi ni hili. Waombaji walipokuja mezani kwangu walikaa wima, wakajibu "ndiyo, monsieur," wakatia sahihi, wakaondoka. Jumatatu nilikuwa nikisikia mambo yao kutoka kwa dereva. Fulani hawezi kazi ya kuinama kwa sababu ya mgongo. Fulani amehama. Fulani ameandika kwamba ni fundi umeme, lakini ukweli ni kwamba alikuwa anauza balbu. Mimi nilikuwa na fomu ya kurasa tano na maswali niliyoyatunga mwenyewe, hata mkurugenzi aliyasifu, na sikuwa nimepata jibu hata moja kati ya hayo. Nikawa namchukia mzee kimyakimya, kama unavyomchukia jirani ambaye mbwa wako anamtikisia mkia.

Jumamosi moja nikaamua kwenda kuona anafanya nini. Nilibeba shati mbili ili nipate kisingizio. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya sabuni, na kwenye benchi walikaa watu saba au wanane ambao nguo zao hazikuwa kwenye mashine yoyote. Wote walikuwa kwenye mafaili yangu. Waliponiona wakakaa wima, kama mezani kwangu. Mzee ndiye aliyecheka.

"Ah, Monsieur Diplôme! Leo na weye uko unafula? Ingia, petit, ingia. Ile mashine ya mwisho iko inakula soksi, usiguse."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao ili nisionekane nimechomwa. Niliweka shati zangu, nikakaa. Alikuwepo mwalimu wa zamani kutoka Kalemie, mtu wa makamo, ambaye tulimpeleka kusailiwa katika ghala la duka kubwa akakosa. Barua yake ya kukataliwa nilikuwa nimeiandika mimi, kwa Kifaransa kizuri sana, na ilikuwa bado kwenye sanduku la posta la ofisi ikingoja Jumatatu. Mzee alitoa shuka kwenye mashine ya kukaushia, akamwita mwalimu amshikie ncha mbili. Shuka halikunjwi na mtu mmoja. Wakawa wanalikunja, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena.

"Maman ya batoto anaamukaje?" mzee akauliza.

"Anaamuka muzuri, tonton. Miguu tu."

"Miguu, na hii baridi." Wakakunja mara nyingine. "Bon. Ile kazi ya ghala haikutoka. Balikamata mwingine."

Mwalimu alisimama na ncha za shuka mikononi. "Ni juu ya accent yangu?"

"Hapana. Ni juu balikuuliza unaweza nini, ukasema unaweza yote. Muntu mwenye kuweza yote, bale batu banamuogopa. Wewe unajua kuhesabu, unajua kuandika liste, haukose. Kesho kutwa, ukienda kuulizwa ku ile duka ingine, sema ile tu, alafu nyamaza."

"Nilisemaka yote kweli," mwalimu akasema, na akaanza kucheka. "Hata kuendesha ile mashine ya kuinua mizigo. Na sijaionaka!"

Chumba kizima kikalipuka. Mtu aliyekosa kazi alikuwa anacheka kuliko wote, na shuka lilikuwa limekunjwa. Mimi nilikaa nikitazama shati zangu zikizunguka, nikawaza kwamba barua yangu ingemfikia Jumatano, peke yake, kwenye ngazi za nyumba ya watu wengi. Sikukiri hata moyoni kwamba mzee alikuwa amefanya kazi yangu vizuri kuliko mimi. Nilijiambia kwamba amevunja siri ya ofisi.

Wakati huohuo nikaja kupata nafasi niliyoingoja. Nyumba moja ya kutunzia wazee ilitaka watunzaji sita, kazi ya kudumu, mkataba kamili. Mkurugenzi alinipa kazi hiyo peke yangu na akanidokeza kwamba nikiimaliza vizuri nitaongoza ofisi. Nilisoma mafaili siku tatu. Juu kabisa nilimweka mama mmoja kutoka Bukavu, muuguzi aliyefanya kazi wodini miaka mingi, ambaye Brussels ilikuwa imempa kazi ya kumenya viazi. Alikuwa na watoto wawili waliobaki Uvira kwa bibi yao. Maombi yake ya ukimbizi yalikuwa hayajaamuliwa, na wakili wake alikuwa amemwambia kwamba mtu mwenye mkataba wa kudumu husikilizwa vizuri zaidi. Aliniambia hayo kwenye usaili wangu wa kwanza, maneno machache tu, mikono juu ya magoti. Kazi ile ndiyo ingemsimamisha, na mimi nilijua.

Nikataka kuwapa heshima. Wazungu tuliowapendekeza kwenye nafasi za juu tuliwaandikia barua za rejista, zile ambazo mtu hutia sahihi kuzipokea, na watu wangu hawakuwahi kuzipata. Nikasema safari hii nao watazipata. Niliandika barua sita kwenye karatasi yenye nembo: mmechaguliwa kuonana na matroni, Ijumaa saa nne asubuhi. Nikazipeleka posta mwenyewe. Nilitembea kurudi ofisini nikijiona mtu aliyefanya jambo.

Jumatano jioni hakuna aliyethibitisha ila mmoja. Alhamisi asubuhi posta ilitujulisha kwamba barua tano hazijachukuliwa. Mtumishi wa posta alifika, hakufunguliwa mlango, akaacha kikaratasi cha taarifa, na hakuna aliyekwenda kuulizia. Nilikasirika vibaya. Nilichukua kalamu nikaandika kwenye mafaili matano, pamoja na la yule mama wa Bukavu: si makini. Nikaanza kutafuta majina mengine.

Mzee alikuja kurudisha ufunguo akanikuta naandika. Aliyasoma maandishi yangu yakiwa yamepinduka, kutoka upande wa pili wa meza.

"Petit, bale batu ulibaita namna gani?"

"Kwa barua ya rejista, mzee. Kwa heshima zote. Hawakuitika."

Alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Recommandé? Ulituma recommandé kwa batu ya asile, benye kuomba ukimbizi?"

"Kuna ubaya gani?"

"Weye unakaa na diplôme, haujue? Ku bale batu, recommandé inatokaka fasi moja tu. Inatokaka ku ofisi ya bageni, kubaambia: dossier imekatalika, toka mu inchi. Muntu akiona kale kakaratasi ku mulango, haende ku posta. Anakamata valise, anakimbia."

Wasomaji wangu, nilielewa papo hapo. Nilielewa kila neno. Ningeweza kusimama, kuvaa koti na kwenda. Kulikuwa bado na siku nzima. Lakini kilichonijia mdomoni kilikuwa kitu kingine, kwa sababu ni yeye aliyekuwa amejua na mimi sikujua, na karani wa meza ya pili alikuwa anasikiliza.

"Mzee," nikasema, "kazi yako ni gari. Mtu anayeogopa barua hawezi kutunza wagonjwa. Nimeshachagua wengine."

"Yule maman ya Bukavu iko na batoto Uvira."

"Najua ana watoto. Faili ninalo mimi."

Alivaa kofia yake. "Ndiyo, petit. Faili unayo," akasema, akaondoka na ufunguo wa gari mfukoni.

Ijumaa saa nne nilikuwa katika chumba cha mikutano cha nyumba ile ya wazee, nimeketi kando ya matroni, mwanamke mrefu asiyependa kusubirishwa. Mbele yetu alikuwa yule mmoja aliyethibitisha, na watatu niliowaokota jana yake. Wa kwanza aliulizwa afanye nini mzee anayetunzwa mle ndani akikataa kula, akajibu kwamba atamlazimisha. Wa pili alidhani ni kazi ya kufagia. Matroni aliniangalia kwa jicho ambalo bado nalikumbuka. Saa nne na nusu mlango ukafunguliwa. Alikuwa mzee wetu, dereva, kofia mkononi, na nyuma yake watu wanne, wa mbele kabisa yule mama wa Bukavu, amevaa koti la kuazima lililomzidi mabega. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amehama chumba chake siku ileile alipoona kikaratasi, akajificha kwa binamu huko Molenbeek, na mzee alimtafuta nyumba kwa nyumba tangu Alhamisi mchana kwa gari la ofisi. Mtu wa tano hakumpata.

Nilingoja aseme. Nilijua atasema, kwa sababu mimi ningesema. Alimwinamia matroni kidogo, akaongea Kifaransa chake cha migodini, polepole:

"Madame, utusamehe kuchelewa. Monsieur huyu alinituma nikawalete mwenyewe kwa gari, maana wengine hawana anwani ya kudumu. Njia ilikuwa na magari mengi."

Matroni akanigeukia. "Ulituma gari?" akasema. "Hakuna ofisi iliyowahi kunifanyia hivyo."

Nami, na diploma yangu, nikasema: "Tunajitahidi, madame."

Aliwachukua wote wanne waliokuja na dereva. Mama wa Bukavu alipoulizwa kuhusu mzee anayekataa kula, alisema angeketi kwanza ale yeye, karibu naye, kijiko kimoja kimoja, bila kumtazama. Matroni aliweka kalamu chini, hakuuliza la pili. Mkataba wake ulitiwa sahihi kabla ya saa sita. Nilipewa ofisi mwezi uliofuata. Karatasi ya kwanza niliyotia sahihi kama kiongozi ilikuwa barua ya onyo kwa dereva, kwa kutumia gari nje ya ratiba karibu siku nzima. Mkurugenzi ndiye aliyeitaka, kanuni ni kanuni, lakini ningeweza kumwambia neno moja na karatasi ile isingeandikwa. Sikumwambia. Kuna furaha fulani mbaya ambayo mwenye wivu huipata, na siku ile niliipata yote. Mzee alikuja na bahasha mkononi, akaketi kwenye kiti cha waombaji kazi. "Hii sikuiogopa," akasema, "mi najua mwenye kuiandika." Hakucheka, wala hakukasirika. Aliuliza kama shati zangu zilitoka safi siku ile, maana mashine ya tatu ilikuwa mbovu.

Baadaye niliiacha Brussels, nikarudi nyumbani, nikafungua ofisi yangu, na mnajua imefika wapi. Makampuni makubwa ya jiji hili yanatafutiwa watu na mimi. Lakini Jumapili, baada ya faksi ile, nilimpigia simu yule mama wa Bukavu. Sasa anaongoza ghorofa nzima katika nyumba ileile ya wazee, na watoto wake wako naye. Nilitaka kumpa pole, na nilitaka pia, nakiri, kujua kama nilitajwa msibani.

"Ulitajwa, Papa," akasema. "Tulishukuru na wewe. Juu ya ile gari."

Kisha nikamwambia. Nilimwambia kwamba sikutuma gari, kwamba nilikuwa nimeandika kwenye faili lake maneno mawili na kulifunga, kwamba mzee alikwenda bila ruhusa na mimi nikamwadhibu. Ilinichukua dakika nyingi, na za kimataifa. Alinisikiliza hadi nikamaliza.

"Papa, tulijuaka," akasema. "Tulijuaka tangu ile siku, mu gari. Tonton mwenyewe alituambia. Alisema: tukifika kule, mi nitasema ni yeye alinituma, na nyinyi musipinge. Kama tukimupatisha haya mbele ya ule muzungu, hatatuangalia tena mu macho, na njo yeye iko na mafaili ya bandugu yetu bote. Mumuache aonekane muzuri."

"Kwa hiyo miaka yote hii mliponishukuru..."

"Tulikuwa tunakuogopa, Papa," akasema, kwa upole kabisa, kama anayemweleza mgonjwa. "Bandugu balikuwa bado banatafuta kazi."

Nimekaa na neno hilo wiki hii nzima. Nilidhani mzee alinipa sifa yake kwa ukarimu, na hata ukarimu huo niliuonea wivu. Kumbe alikuwa anawakinga watu dhidi yangu. Aliniona jinsi nilivyo, akanipangia njia, kama dereva anavyozunguka shimo analolijua.

Mwanangu wa kwanza ofisini, yaani msaidizi wangu mkuu, ambaye naye ana diploma, aliniuliza juzi tufanye nini waombaji waache kututoroka baada ya usaili. Alitaka fomu mpya. Nimemwambia kila mwombaji aulizwe, kabla hajaondoka, anapenda habari imfikie kwa njia gani, na ni habari gani anaogopa kuipata. Nimemwambia pia kwamba aliyekosa ataambiwa na mimi mwenyewe, uso kwa uso, na sababu ya kweli, hata kama itachukua siku nzima. Ameniangalia kana kwamba nimezeeka. Ninyi mnaoajiri, ambao milango yenu hujaa watu wanyenyekevu kila asubuhi, nawaambia kwamba unyenyekevu huo hauwaambii lolote juu yenu, kwa maana mwenye shida humnyenyekea yeyote mwenye faili lake. Tafuteni mmoja kati ya wale mliowakataa, muone kama akiwapita njiani atasimama. Wa dereva walisimama, mvuani. Wangu sijui, na nimeanza kuwatafuta.